Balozi na Pai ya Vitunguu

Jumatatu, 3 Juni

Leo uchumi wa nchi umesimama kwa muda kwa sababu nilikuwa najikuna mgongo. Malori yamepangana nje ya ghala la sabuni mpaka kwenye kona, madereva wanapiga honi, wengine wanaomba, wengine wanatukana. Hakuna wa kuwafungulia. Lango ni mimi. Kuna watu huniita mlinzi. Hao hawajui maana ya madaraka. Nilipomaliza kujikuna nikafungua. Nchi ikaendelea.

Nimerudi nyumbani hoi. Magoti yanalia kama bawaba. Nyumbani ni kwa dada yangu mkubwa na mume wake. Nilikuja kukaa wiki moja nikingoja mambo yangu yatengemae. Bado yanatengemaa. Siku hizi hata paka ananipisha kwenye kochi.

Wakati wa chakula cha jioni nikawasimulia ile ya balozi. Sikupanga. Huja yenyewe, kama chafya. Jinsi nilivyokuwa kwenye hoteli kubwa, mpishi mkuu akaugua ghafla, balozi ana njaa, watu wanagongana kwenye korido, ndipo mimi nikavua koti (koti la kazi gani si muhimu) nikaingia jikoni nikaoka pai ya vitunguu. Ya chumvi, si ya sukari. Balozi akaonja, mke wake pembeni. Akaweka uma chini. Akalia.

Shemeji naye akaweka kijiko chini, ila hakulia. Shemeji ni fundi wa friji, na moyo wake umekaa na friji mpaka ukaiga tabia. Akasema hadithi hiyo ameisikia kuliko alivyowahi kuitwa jina lake. Akasema nilipohamia humu balozi alikuwa anashukuru tu, baadaye akaanza kupiga makofi, sasa analia. Nikiachwa hivi hivi mwakani balozi atazimia. Akasema kama pai hiyo naijua, niioke, watu waione kwa macho.

Mpwa wangu, binti yao, akacheka bila kuinua uso kwenye simu.

Dada alikuwa ametoka kushona sare za shule mchana kutwa, mabega yameshuka. Akasema basi, yaishe. Jumapili mchana. Pai nioke mwenyewe, hapa hapa nyumbani, kwa mikono yangu. Ikifaa, nisimulie mpaka meno yang'oke. Isipofaa, huyo balozi asitajwe tena ndani ya nyumba hii, si mezani, si barazani, si hata bafuni nikijiongelesha peke yangu.

Nikasema sawa, kwa sauti nzito. Kisha nikaenda kulala mapema. Wenzangu wana magari. Wana viwanja. Wana wake. Mimi nina balozi.

Jumanne, 4 Juni

Nimechoka na sijaanza.

Nilimwomba mpwa wangu anitazamie kwenye simu jinsi pai inavyookwa. Nikamweleza si kwamba sijui. Nataka kuona kama siku hizi wamebadilisha. Akasema mjomba, niambie tu umesahau wapi. Nikamwambia sijasahau chochote, isipokuwa vinavyotiwa, na vipimo, na nini kinaanza.

Tukamtazama mwanamke mmoja mwenye kucha safi kuliko sahani. Anafikicha unga wa ngano na siagi, anautandaza kwenye bakuli pana la kioo. Vitunguu anavikaanga kwa moto mdogo mpaka vinalegea na kuwa rangi ya udongo. Mayai, maziwa, jibini, anamimina, anaoka, anatabasamu. Hakutoa hata chozi moja. Mtu asiyelizwa na kitunguu usimwachie mtoto.

Bakuli kama lile tunalo. Limo kwenye kabati la vyombo vya wageni, pale sebuleni, na karatasi ya dukani bado imebandikwa chini yake. Wageni wa hadhi ya bakuli hilo hawajazaliwa. Nilisogea taratibu kama mtu anayetazama picha ukutani, nikashika kitasa cha kabati. Dada akakohoa. Alikuwa chumba cha pili, cherehani inanguruma, sijui alisikia nini.

Nikamweleza kwa heshima kwamba pai ya balozi haiwezi kukaa kwenye bati. Akasema basi balozi akae na njaa.

Nimepewa trei ya bati iliyopinda pembe moja. Wakuu wote wa dunia walianza hivi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kusahau. Naiandika ili niisahau vizuri.

Nilimkabidhi mwenzangu wa zamu nchi, nikamwambia nina shughuli ya kiserikali, nikawahi kurudi nyumba ikiwa tupu. Mpango: kufanya jaribio kwa siri ili Jumapili nionekane sijajaribu.

Jiko la dada lina oveni. Tangu linunuliwe haijawahi kuoka hata tosti. Kazi yake ni kabati la masufuria, kama ilivyo oveni ya kila nyumba ninayoijua. Ukitaka kikaango, unafungua oveni. Nami si mjinga. Nilitoa kila kitu, masufuria, vifuniko, kikaango kisicho na mkono, nikavipanga sakafuni kama mnada. Nikawasha, moto wa mwisho, kwa sababu yule mwanamke wa kucha alisema oveni ianze kupata joto. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikafumba macho ili nipange mikakati.

Niliamshwa na harufu.

Chini kabisa, nyuma, chini ya lile bati la kudondoshea mafuta, dada alikuwa ametunza makopo ya aiskrimu. Yale matupu. Yote aliyowahi kupata maishani mwake, moja ndani ya jingine, na vifuniko vyake pembeni. Mwanamke anaweza kusahau siku yake ya kuzaliwa, kopo la aiskrimu halisahau. Sasa yalikuwa kitu kimoja, kinachemka taratibu na kudondoka kwenye nondo za oveni. Halafu pakasikika kama mtu anayevunja kijiti, na umeme ukakatika nyumba nzima.

Wa kwanza kufika ni shemeji. Nani mwingine. Akachuchumaa akachungulia ndani muda mrefu kama daktari anayetafuta maneno mazuri. Akauliza kama balozi alipendelea ya vanila au ya chokoleti.

Akasema waya wa joto umekufa. Akasema kuutengeneza ni kazi ndogo, asubuhi moja tu, mradi mimi nimwombe. Akasimama hapo akingoja aombwe, bisibisi mkononi, anaigeuza geuza.

Bora nile ile nondo. Nikamwambia asijisumbue. Pai halisi haiokwi kwa umeme. Huokwa kwa mkaa, moto chini na moto juu, na balozi mwenyewe alisema siku ile kwamba umeme hauna ladha. Maneno haya nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza nami, lakini yalitoka vizuri.

Dada hakugomba. Aliweka kigoda mbele ya oveni akawa anabandua makopo kwa kisu, kipande kwa kipande. Alipata kifuniko kimoja kizima. Akakifuta kwa kanga, akakitazama, akakiweka dirishani. Angegomba ningepata usingizi.

Ijumaa, 7 Juni

Mkaa siuwezi. Nilijaribu nyuma ya nyumba asubuhi kabla ya kazi. Jiko lilitoa moshi mpaka jirani akaanua nguo. Moto haukuja.

Lakini akili ni nywele. Nilipokuwa langoni nikakumbuka Hamira.

Hamira ni mwoka mikate wa kona ya mtaa wetu. Jina lake la kweli hakuna anayelijua tena. Ana tanuri la matofali linaloweza kuoka ng'ombe na pembe zake. Mikate yake na skonzi zake zinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride, unaweza kujitazama ukachana nywele. Nikapitia kwake jioni. Nikamwambia Jumapili nitamletea kitu kidogo, akiingize tanurini, akitoe, na kinywa chake kikae kama mlango wa benki siku ya mapumziko.

Akakubali upesi mno. Bei yake ilikuwa nikae nimsikilize.

Akanisimulia jinsi alivyowahi kuokea jeshi zima mikate peke yake, kikosi kizima kimepiga kambi, jenerali akanusa kutoka mbali, akashuka kwenye gari akampigia saluti. Alisimulia amesimama, na brashi mkononi, anaonyesha jenerali alivyonusa. Akafika mwisho, akarudi katikati kuongeza farasi. Nilikaa kwenye gunia la unga mpaka miguu ikafa ganzi. Kila nikitaka kuondoka ananishika goti.

Kumsikiliza mwongo ni kazi nzito kuliko kubeba magunia. Watu wengine hawana aibu kabisa. Na jenerali gani hushuka kwenye gari?

Jumamosi, 8 Juni

Vitunguu.

Nilikata nikiwa nimevaa miwani ya kuchomelea ya shemeji, bila kumwambia. Haikusaidia, sikuona kisu wala kitunguu. Nikaivua. Nikalia kama mjane. Shemeji akapita akasema hodi, pole na msiba. Akaichukua miwani yake mezani, akaifuta, akaondoka nayo.

Yule mwanamke wa simu alisema moto mdogo na subira. Subira sina, niliimaliza langoni. Nikaongeza moto. Kundi la kwanza la vitunguu likawa jeusi chini na bichi juu, kama mkeka uliotandikwa juu ya majivu. Nikaanza upya. Mpwa wangu akaja akapunguza moto, akaondoka. Nikaongeza. Akarudi, akapunguza, akavuta kiti akakaa hapo hapo mbele ya jiko na vitabu vyake vya mtihani, mguu mmoja umezuia njia. Akasema mjomba, ukigusa hiki kitufe cha moto tena namwita mama. Nikasema nilikuwa nampima.

Vikatoka vizuri. Laini, rangi ya udongo, nyumba nzima inanukia, shemeji alipita jikoni mara kadhaa kutafuta bisibisi ambayo alikuwa ameishika. Hii ndiyo faida ya kufundisha vijana.

Unga nilikanda mwenyewe. Mwanamke alisema ufikichwe taratibu kwa ncha za vidole. Mimi niliupiga. Nimefungua malango makubwa miaka mingi, nina mikono ya nguvu, siwezi kuificha. Nikausukuma kwa chupa. Kila nikiutandaza unarudi katikati, kama mtoto anayekataa kuoga. Mwishowe nikaubana kwenye trei kwa vibanio vya nguo na kuuacha usiku ujifunze.

Mgongo umekwisha. Nalala na harufu ya vitunguu vidoleni. Nimeosha kwa sabuni ya ghala letu, na ile hutoa hata rangi ya ukuta. Haikutoa.

Jumapili, 9 Juni

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Asubuhi nikatundika shuka kwenye kamba nyuma ya nyumba, nikatangaza kwamba uokaji wa mkaa ni siri ya kazi, asichungulie mtu. Nyuma ya shuka nikawasha jiko. Leo moto ukakubali, siku ambayo hauhitajiki. Nikaweka sufuria tupu juu yake, makaa juu ya kifuniko, mambo yaonekane. Halafu mimi na pai yangu tukatoka kwa mlango wa uani, taulo juu, mwendo wa mtu anayepeleka mtoto kliniki.

Hamira akaipokea. Akaitazama. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni chakula cha mabalozi. Akasema jenerali wake hangekigusa. Akaisukuma ndani.

Nikakaa kwenye lile gunia. Akaanza tena ile ya jeshi. Safari hii jenerali alipiga magoti. Nikasinzia. Mtu aliyechoka husinzia, si kosa lake, na hapo ndipo palipoharibika. Nilipozinduka pai ilikuwa imeshatoka, iko juu ya meza, imevimba vizuri, kingo za dhahabu. Na inang'aa. Inang'aa kama viatu vya gwaride.

Hamira ana beseni la maji ya sukari na ile brashi yake. Kinachotoka tanurini anakipaka. Hafikirii, mkono unakwenda wenyewe, kama wewe unavyofunga mlango ukitoka. Nikamwambia ile ni ya vitunguu, ya chumvi. Akatazama brashi. Akatazama pai. Akasema amepaka mara mbili, kwa kuwa ni ya mgeni wa heshima.

Nifanye nini. Nikaifunika, nikarudi, nikapita nyuma ya shuka nikajipaka majivu shavuni, nikaingia sebuleni nimeibeba juu kwa mikono miwili.

Nakiri iliingia vizuri. Mpwa akaweka simu chini. Shemeji akavuta kiti karibu. Dada alikuwa amefungua kabati la wageni, kwa hiari yake, ametoa sahani. Sahani za wageni, kwa ajili yangu. Nikakata, kila mtu kipande.

Dada akaonja. Akatafuna polepole. Akaweka uma chini, kama balozi, nikafikiri mambo ndiyo hayo. Akanitazama usoni akauliza Hamira hajambo.

Nikasema Hamira yupi.

Akasema amekula skonzi za Hamira kabla sijaanza kujivika kaptula mwenyewe, na mtaa huu mtu anayepaka vitu sukari ni mmoja. Akauliza na lile jiko kule nyuma linaoka nini. Mpwa akaenda kufunua sufuria. Akarudi akasema linaoka sufuria.

Nilijaribu. Nilisema balozi alikuwa na kisukari cha kupanda na kushuka, ikabidi. Hakuna aliyecheka. Dada alichoka hata kukasirika, akawa anakusanya makombo kwa kidole. Akasema hakuniomba makubwa. Aliniambia nioke hapa. Nikishindwa nishindwe hapa, mbele yao, wangekula hata mkaa. Lakini mimi, mdogo wake, hata kushindwa nakwenda kushindwa kwa jirani.

Kisha akasema balozi amefariki leo, mchana huu. Amezikwa. Asifufuliwe.

Akauliza kama kuna mwenye neno. Shemeji alikuwa mdomo umejaa, anamaliza kipande cha pili. Akatikisa kichwa kwamba hana.

Jumatatu, 10 Juni

Langoni nilifungua malori yote bila kuchelewesha hata moja. Madereva waliniuliza kama naumwa.

Chakula cha jioni. Vijiko vinagonga sahani. Maji yanamezwa, unayasikia yakishuka. Shemeji akaeleza kuhusu gesi ya friji. Ikaisha. Mpwa akasema mtihani ni wiki ijayo. Ukaisha. Dada akasema mboga zimepanda bei. Tukakubali kwamba zimepanda.

Nikaanza kwamba niliwahi kumfahamu mtu mmoja mkubwa, wa nchi fulani, aliyependa sana mboga. Dada akainua kidole. Kidole tu. Nikanywa maji.

Mtu anaweza kukaa na watu mezani akawa amepotea. Nilitazama mikono yangu nisijue kazi yake. Nilienda kulala wakiwa bado wanakula, na hakuna aliyeniuliza kulikoni.

Jumanne, 11 Juni

Shemeji alirudi amechoka kuliko mimi, jambo ambalo si rahisi. Alibeba friji ya mteja ghorofa hadi ghorofa, akafika juu akaambiwa si hiyo. Hakuoga. Akakaa mezani na vumbi lake. Akala kidogo. Sauti ya vijiko ile ile ya jana.

Halafu akauliza, hakumwuliza mtu, aliiuliza chumvi: yule marehemu alikuwa anakula kwa uma au kwa mkono?

Dada akasema tumeshazika. Shemeji akasema hataki afufuliwe, anataka kujua tu, kwa ajili ya kumbukumbu. Mpwa akasema na mimi, mama, kwa ajili ya kumbukumbu. Dada akatazama dari. Akasema shauri yenu, ila leo tu, na aanze mwanzo, asirukie kwenye kulia.

Basi nikaanza mwanzo. Mungu ananijua, sijawahi kusimulia vile. Hoteli ilikuwa na ghorofa mpya. Balozi alikuja na jenerali, ambaye alinusa kutoka mbali akashuka kwenye gari. Pai ilikuwa na sukari kidogo juu, kwa makusudi, siri ambayo nilimfundisha mwoka mmoja baadaye na hadi leo anaitumia bila kunitaja. Shemeji aliweka kiwiko mezani. Dada alisahau kuondoa vyombo.

Nimewaahidi keki ya ghorofa kwa Jumapili ijayo. Sijawahi kuoka keki. Najua ni suala la moto tu.

Kuna kimoja, na kiishie hapa kwenye karatasi. Nilipofika pale mke wa balozi anaposimama kutoka kitini, watu wote ukumbini wamenyamaza, nikasahau anasema nini. Kabisa. Hadithi yangu mwenyewe. Nikabaki na mdomo wazi, mkono umening'inia hewani. Ndipo shemeji, macho yake kwenye sahani, akasema kwa sauti nyembamba ya kike: nipelekeni jikoni nikaushike mkono uliokata vitunguu hivi.

Neno kwa neno. Nikamshukuru kwa kichwa, nikaendelea.